Mgudulia: Mmea Uliouawa na Tafsiri Sanifu

Makala haya yanahusu mmea mmoja wa kigeni ambao huenda hujawahi kuuona, na yanahusu pia kosa moja la tafsiri ambalo mwenye kulitenda ni mimi. Nimeyaunganisha mambo haya mawili kwa makusudi. Katika kurasa za majarida yetu tumezoea kuzijadili istilahi kana kwamba ni vyombo vya kupambia kabati. Tunachunguza umbo lake, asili yake na mnyambuliko wake, kisha tunalifunga kabati na kwenda zetu. Maoni yangu ni kwamba istilahi ni zana ya kazi, na ubora wa zana hujulikana inaposhikwa na mwenye kazi. Anayebuni au kufasiri maneno ya jambo asilowahi kulitenda hana budi kulitenda kwanza. La sivyo, atawapotosha watu kwa Kiswahili kisicho na doa.

Nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, jirani yetu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, alinunuliwa na mwanawe mmea mdogo ndani ya chungu cha plastiki. Ulikuwa na majani marefu, na kwenye ncha ya kila jani palining'inia kitu mfano wa mtungi, chenye mdomo uliopindwa kwa nje na kifuniko juu yake. Ndani ya kila mtungi mlikuwa na maji kidogo. Pamoja na mmea ilikuja karatasi ya Kiingereza yenye maelezo ya utunzaji. Mwalimu hakuwa na tatizo na Kiingereza, lakini mtunza bustani wake, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa akisoma Kiswahili tu. Mwalimu akaniambia, "Mwanangu, wewe ndiwe unayesomea lugha. Mfasirie Mzee karatasi hii." Nikaifasiri usiku huohuo, nikaipiga chapa na kujiona mtaalamu.

Karatasi ya Kiingereza ilisema kwamba udongo uwe na unyevu. Mimi nikaandika, "Udongo uwe na maji wakati wote." Ilisema pia kwamba mmea ulishwe mara kwa mara. Nikaona kuwa kulisha mmea ni tafsiri sisisi ambayo mhadhiri wangu angeikata kwa kalamu nyekundu, kwani mkulima wetu halishi mimea, bali huitilia mbolea. Kwa hiyo nikaandika, "Utiwe mbolea mara kwa mara." Mzee, ambaye hakuwa mtu wa kupuuza maagizo, akauweka mmea katika beseni la maji, na kila Jumamosi akautilia kijiko cha samadi ya kuku. Haukumaliza miezi miwili. Mitungi ilikauka kwanza, kisha majani yakawa meusi, na shina lilipovutwa likatoka bila mizizi.

Mwalimu alimgombeza Mzee kwa uzembe. Mzee hakubishana. Alikwenda chumbani kwake akaileta karatasi yangu, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha, akasema, "Nilifuata kama ilivyoandikwa." Niliisoma mbele yao. Upatanisho wa ngeli ulikuwa kamili, tahajia haikuwa na kasoro, na kila sentensi ilikuwa na kosa la kuua.

Baada ya aibu hiyo niliamua kuujua mmea wenyewe. Wanabotania huuweka katika jenasi ya Nepenthes, yenye spishi zaidi ya 160. Makao yake makuu ni Kusini Mashariki mwa Asia, hasa Borneo, Sumatra na Ufilipino. Upande wetu wa Bahari ya Hindi umefika Sri Lanka, Ushelisheli na Madagaska, lakini bara la Afrika halina hata spishi moja ya asili. Mzungu wa kwanza kuuandikia habari alikuwa Étienne de Flacourt, gavana Mfaransa huko Madagaska, katika kitabu chake cha mwaka 1658. Flacourt alidhani kuwa ile mitungi ni maua au matunda, na akaeleza kuwa wenyeji waliogopa kuichuma kwa kuamini kwamba mvua ingenyesha siku hiyohiyo. Jina la kisayansi lilithibitishwa na Linnaeus mwaka 1753. Alilitoa katika utenzi wa Homer, ambamo Helena anatia ndani ya divai dawa ya kuondoa huzuni.

Mtungi wenyewe si ua wala tunda. Ni sehemu ya jani. Ncha ya jani hurefuka ikawa uzi, na mwisho wa uzi huo huvimba, hufanya uwazi ndani, kisha kifuniko hufunguka. Mdomoni mna mbochi, yale maji matamu yanayowavutia wadudu, na mdomo huo ukilowa huteleza mno. Sisimizi au nzi akiteleza hutumbukia ndani ya maji yenye vimeng'enya, akayeyushwa pole pole, na mmea ukafyonza naitrojeni na fosforasi. Mmea umejifunza mbinu hii kwa sababu unaota mahali ambapo udongo ni maskini. Mizizi yake ni myembamba na dhaifu, na haikuumbwa kupokea chakula kingi kutoka chini.

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi nilivyoua. Kulisha kulikokusudiwa na karatasi ile kulikuwa kulisha hasa, yaani kuudondoshea mmea mdudu kupitia mdomoni mwake. Tafsiri niliyoikimbia kwa kuiona sisisi ndiyo iliyokuwa sahihi. Samadi niliyoiagiza iliunguza mizizi, na maji ya beseni yakaiozesha. Tazameni pia neno letu rutuba. Asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni unyevu, lakini kwetu imekuja kumaanisha wingi wa chakula cha mimea udongoni. Mmea huu unataka rutuba ya Waarabu na unakufa kwa rutuba ya Waswahili. Kamusi pekee isingenifundisha hivyo. Nilifundishwa na mmea uliokufa.

Mwaka uliofuata nilinunua mche wangu kwa muuza maua mmoja jijini. Ulikuwa chotara wa spishi mbili za Ufilipino, aina inayopendekezwa kwa wanaoanza kwa kuwa ni vumilivu. Niliyoyaona katika kuulea nayaeleza hapa, nikiwa na imani kwamba jarida la Kiswahili lina haki ya kubeba maarifa ya bustani sawa na uhakiki wa riwaya.

Jambo la kwanza ni maji. Mmea huu hautaki maji yenye chumvi na madini. Maji ya visima virefu vya Nairobi na Bonde la Ufa, ambayo aghalabu yana floridi nyingi, hayaufai. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye paa safi ndiyo bora, na kiangazi kikizidi hutumiwa maji yaliyotoneshwa. Hayo humwagwa juu ya udongo yakapita na kutoka chini. Chungu kisiachwe kimekaa ndani ya maji.

La pili ni udongo, ingawa kwa hakika haustahili jina hilo. Udongo wa shamba na mboji haufai kabisa. Mimi nilichanganya vipande vya makumbi ya nazi na vijiwe vyepesi vya volkano, vile vinavyoelea majini. Makumbi lazima yaroweshwe na kusuuzwa mara kadhaa, kwa sababu yale ya pwani mara nyingi huwa na chumvi, hasa yakiwa yamefukiwa ufuoni ili kutolewa nyuzi za kusokotea kamba. Mchanganyiko huo hushika unyevu na kupitisha hewa, navyo ndivyo mizizi inavyotaka.

La tatu ni mwanga na hewa. Mmea uliofungiwa ndani penye giza utaota majani, lakini hautatoa mitungi. Wangu uliganda hivyo kwa miezi minne nikidhani ni mgonjwa. Nilipouhamishia kwenye baraza la upande wa mashariki, ukapata jua la asubuhi na kivuli cha adhuhuri, mitungi ikaanza kuvimba. Hewa nayo isiwe kavu. Katika miezi ya Januari na Februari niliuweka kati ya mimea mingine, juu ya sinia la kokoto na maji, chungu chenyewe kikiwa juu ya kokoto bila kugusa maji.

La nne ni joto. Spishi za nyanda za chini hupenda joto la mchana na usiku, na zingestawi Mombasa. Spishi za milimani, kama zile za Mlima Kinabalu kule Borneo, hutaka mchana wa wastani na usiku wa baridi. Mtu wa Nairobi, ambayo iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, au wa Limuru au Kericho, asiuonee haya usiku wake wa baridi. Wakulima wa Ulaya hununua mitambo ili waupate usiku kama huo.

La tano ni chakula. Mmea uliowekwa nje hujitafutia. Ulio ndani utatosheka na mdudu mmoja kwa mtungi mmoja baada ya wiki kadhaa. Usiupe nyama, kwa kuwa huoza na kuuozesha mtungi. Usimwage maji yaliyomo ndani. Tena mtungi mkuukuu ukikauka kuanzia kifunikoni, usishtuke. Kila mtungi una umri wake wa miezi michache, na jani lililouzaa huendelea kuishi. Kata kilichokauka tu.

Mmea wangu ulipofikisha mwaka na nusu, nilikata kipande cha shina, nikakiotesha, na kilipopata mizizi nikampelekea Mwalimu. Safari hii nilimwendea Mzee na karatasi mpya ikiwa bado rasimu, nikamwomba aisome mbele yangu. Nilikuwa nimeandika, "Udongo uwe na unyevu wa wastani." Mzee akauliza wastani wa nini. Nikamfinyia makumbi kiganjani mwangu. Akayashika, akasema, "Kumbe kama nguo iliyokamuliwa, kabla hujaianika." Nilikuwa nimeandika pia kwamba unyevuanga usipungue asilimia 50. Akauliza angeupima kwa nini. Sikuwa na jibu, nikaandika badala yake kwamba mitungi michanga ikikauka kabla ya kufunguka, hewa ni kavu. Wahenga walisema kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Siku ile mjuzi wa lugha ndiye aliyekuwa akijifunza.

Swali la tatu la Mzee ndilo lililozaa kichwa cha makala haya. Nilimweleza kwamba kila mmea wa aina hii ama ni dume ama ni jike, na kwamba mmoja peke yake hauwezi kutoa mbegu. Akacheka, akasema, "Basi ni ndugu yake mpapai. Jina lake nani?" Nikakwama. Waingereza wanauita kwa jina lenye maana ya mmea wa mtungi. Wamalei wanauita periuk kera, yaani chungu cha kima. Sisi tunauitaje?

Wapo wanaoridhika na maelezo ya jumla kama "mmea mla wadudu." Jina hili halifai kwa sababu mbili. Kwanza, wapo wala wadudu wengine wasiokuwa na mitungi, wakiwemo wa mabwawa ya Afrika yetu wenyewe. Pili, si kila Nepenthes huishi kwa wadudu. Nepenthes ampullaria hupokea majani makavu yanayoanguka kutoka mitini. Nepenthes lowii wa Borneo, kama watafiti walivyochapisha mwaka 2009, hupata naitrojeni kutokana na kinyesi cha mnyama mdogo wa mitini anayekuja kulamba utamu wa kifuniko. Kuuita huo mla wadudu ni kuusingizia.

Wengine watapendekeza "mmea mtungi." Hili lina ukweli, ila lina uzito wa tafsiri ya moja kwa moja. Tena, mmea na mtungi yote mawili yako katika ngeli ya U-I, na mwandishi akisema "umekauka" hatujui kilichokauka ni chombo au ni mmea mzima. Kwa mtunza bustani, tofauti hiyo ni tofauti ya kukata mtungi au kuung'oa mmea.

Mimi napendekeza mgudulia. Gudulia ni chombo cha udongo chenye shingo, cha kutilia maji ya kunywa, na umbo lake linakaribiana sana na lile la mtego huu. Mmea uwe mgudulia, wingi wake migudulia, katika ngeli ya U-I. Mtego uwe gudulia, wingi wake magudulia, katika ngeli ya LI-YA. Kwa hiyo, "mgudulia umekauka" ni msiba, na "gudulia limekauka" ni jambo la kawaida. Sarufi yenyewe inamwambia Mzee la kufanya.

Huenda mtu akapinga kwamba mpapai huitwa kwa tunda lake, ilhali gudulia si tunda. Hoja hiyo haina nguvu. Mkarafuu huitwa kwa karafuu, ambayo ni tumba la ua. Mdalasini huitwa kwa dalasini, ambayo ni gome. Mtumbaku huitwa kwa jani. Kiswahili kina kanuni yake ya kale, nayo ni kuuita mmea kwa ile sehemu iliyowafanya watu waujue. Hatuhitaji kuazima kanuni nyingine.

Nasikia tayari sauti ya msomaji akisema kwamba tuna upungufu wa istilahi za sheria, tiba na kompyuta, na kwamba ni anasa kujishughulisha na ua la barazani. Nakubali kwamba mahitaji hayo ni makubwa. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na lugha rasmi haiwezi kukwepa mahakama na hospitali. Lakini fikiri, ndugu msomaji. Ikiwa nilimpotosha Mzee juu ya chungu kimoja cha maua, tutampotosha vipi mgonjwa juu ya vidonge vyake, tukifasiri kwa kuketi na kamusi bila kumwona anayevimeza? Ua ni mahali pa bei nafuu pa kujifunzia. Lililokufa kwangu lilikuwa mmea. Katika zahanati litakuwa jambo jingine.

Simaanishi kuwakosea heshima waliotutangulia. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilitupa maneno ambayo bila hayo nisingeweza kuandika hata aya mbili za makala haya. Ninalolidai ni hatua inayofuata. Neno likishatoka kamusini lifikishwe bustanini, karakanani na jikoni, na wanaolitumia huko wapewe nafasi ya kulikataa.

Kwa hiyo natoa pendekezo moja kwa matawi yote ya chama chetu. Kila tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, huwa tunakariri mashairi na kukisifu Kiswahili kwa upana wake. Tuyakariri. Lakini kabla ya siku hiyo kila mwanachama achague kitu kimoja chenye kuhitaji mikono, kiwe mmea, mzinga wa nyuki, jiko la gesi au pampu ya maji. Akitumie kwa muhula mzima. Kisha aandike ukurasa mmoja wa maelezo, ampe mtu asiyesomea lugha ayafuate, na alete mbele yetu rasimu ya kwanza pamoja na masahihisho ya mtu huyo. Nadhani tutajifunza katika masahihisho hayo mambo ambayo hayamo katika mitihani yetu.

Atakayechagua mgudulia ahakikishe kwamba anaununua kwa mkulima aliyeuotesha, si kwa aliyeung'oa porini. Biashara ya kimataifa ya jenasi nzima inadhibitiwa chini ya mkataba wa CITES, na spishi mbili, Nepenthes rajah na Nepenthes khasiana, zimo katika orodha ya ulinzi mkali zaidi. Anayetaka kuagiza mche kutoka nje apate kwanza kibali cha KEPHIS.

Na ikiwa kuna mwenye jina bora kuliko mgudulia, kurasa hizi ni zake, nami nitalipokea kwa mikono miwili. Namwekea sharti moja tu. Aulee mmea wenyewe kwa mwaka mmoja kwanza, na jina lake alijaribu kwa Mzee kabla ya kulileta kwetu.